Mashine Ilipofutwa Ianze Upya

Mimi majina hayanipotei. Ukiniambia leo unaitwa nani, nitakuita hivyo hata tukionana baada ya miaka mingi, nawe utashangaa. Ninayo majina ya watoto wote niliochota nao maji, ya waliozikwa na ya waliohama, hata ya ng'ombe wa baba yangu. Lakini humu sitaandika hata moja. Jina la mume wangu ndilo lililonifikisha katika chumba hiki cha kupanga hapa Mtwapa, na tangu hapo hamu ya kuandika majina imeniisha.

Shamba letu lilikuwa ndani, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka Kilifi mjini. Mume wangu alikuwa mgema. Minazi aliyoigema ilipandwa na baba yake, na mikorosho ya upande wa juu tuliipanda mimi na yeye, tumbo langu likiwa na mtoto wetu wa pekee, binti. Mtoto wa kiume hatukujaliwa. Hati ya shamba hatukuwa nayo, na hapakuwa na mtu pale aliyekuwa nayo. Tulijuana tu: hapa ni kwa fulani, mpaka ni ule mnazi mkongwe, basi.

Miaka ya themanini ilipokaribia kwisha ndipo tukasikia kwamba ardhi itapimwa na kila mtu apewe karatasi yake. Pakafunguliwa ofisi ndogo Kilifi ya kuwasaidia wakulima kuandikisha maelezo yao kabla wapimaji hawajafika: nani alifyeka, nani alipanda, mpaka uko wapi, na mwenyewe akifa nani achukue. Mkubwa wa ofisi alikuwa mtu wa bara, mpole, hajui kufoka. Binti yangu alikuwa amemaliza shule na kusomea upigaji chapa Mombasa, akaajiriwa pale awe karani. Mimi nikapata kazi ya kufagia na kupika chai. Nilikuwa nimesoma gumbaru tu, yale masomo ya watu wazima, nikijua kusoma kwa kufuata kidole.

Kompyuta ililetwa kwa pikapu. Kivukoni Mnarani mkubwa wa ofisi hakukubali ibaki nyuma ya gari. Aliipakata mpaka ng'ambo kama mtu aliyebeba mgonjwa. Ikawekewa chumba chake, pazia zito, na feni. Mimi niliambiwa nisiiguse kwa kitambaa kibichi. Kioo chake kilikuwa cheusi na maandishi ya kijani, na binti yangu alipokuwa akigonga, maneno yalitokea hapo bila karatasi. Nilisimama mlangoni na sufuria ya chai nikaangalia mpaka chai ikapoa.

Mume wangu naye akaja kuandikisha maelezo yake. Alivaa shati nililomfulia jana yake, lakini harufu ya mnazi ilikuwa imemwingia mwilini, haitoki kwa sabuni. Akakaa kitini, kofia mapajani, akaitazama ile mashine.

"Inasikia?" akamuuliza binti yetu.

"Haisikii, baba. Mimi ndiye ninayesikia. Sema tu."

Akasema. Alieleza babu yake alivyofyeka, baba yake alivyopanda minazi ya bondeni, sisi wawili tulivyopanda mikorosho. Alitaja kila mpaka na kila jirani. Kisha akakohoa, akasema nikifa, shamba hili ni la mke wangu na la mtoto wangu huyu anayeandika, na asije ndugu yangu yeyote akasema kwamba mwanamke hana shamba.

Binti yetu akaacha kugonga.

"Andika, mama," akamwambia. "Usinionee haya."

Alimwita mama kwa sababu binti yetu ana jina la mama yake yeye. Ndivyo ilivyo kwetu. Mtoto wa kike wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, na wa kiume la baba wa baba. Kwa hiyo ndugu wawili wa baba mmoja wakizaa, wana wao wa kwanza wote huitwa jina moja, la babu. Mume wangu alikuwa na binamu yake wa kijiji cha pili, watoto wa ndugu wawili, jina lao moja. Sisi hatukuchanganyikiwa kamwe. Tulisema fulani wa fulani, tukimtaja na baba yake, mambo yakaisha.

Maelezo yale hayakuchapwa siku ile. Utepe wa mashine ya kuchapia ulikuwa umekauka, na karatasi zake, zile ndefu zenye matundu pembeni, zilikuwa zinangojwa kutoka Mombasa. Binti yetu alimwambia baba yake kwamba maneno yamelala humu ndani salama, karatasi zikija atakuja kuweka kidole gumba. Akacheka. Akasema basi yalale, lakini mtu asiyakanyage.

Karatasi hazijafika, kifua kikamshika. Walimpeleka hospitali akarudishwa, akapelekwa tena, na mara ya mwisho hakurudi na miguu yake. Tulikaa hanga, yaani matanga. Binamu yake alisimama vizuri, sitamsingizia. Alileta mbuzi, alichimba kaburi kwa mikono yake, alilia mbele za watu. Mimi nilikaa chini na nguo nyeusi nikawaza jambo moja tu, kwamba kidole hakikuwekwa, lakini maneno yapo.

Niliporudi kazini, nikishamaliza kufagia nilimwomba binti yangu anifungulie. Hakuuliza nini. Aligonga jina la baba yake, na ile mistari ya kijani ikapanda. Nilisoma polepole kwa kidole, bila kugusa kioo. Nikifika pale palipoandikwa mke wangu, nilimwambia afunge. Sikuwahi kupiga picha na mume wangu. Kile ndicho nilichobaki nacho, na ndicho kilichokuwa kitulinde sisi na shamba letu.

Sasa mashine ikaanza kusumbua. Ilijaa. Ukiandika ilikwama katikati, ikawa inakataa kupokea maelezo mapya, na wapimaji walikuwa wamekwisha kutangaza kwamba wanakuja. Mkubwa wa ofisi akamwita fundi kutoka Mombasa, bwana mmoja mwembamba, mwenye Kiswahili kizuri cha mjini na kanzu iliyopigwa pasi, mkoba wake umejaa bisibisi.

Akaitazama, akaandika hiki na kile, kisha akaeleza. Ndani ya kompyuta, alisema, kuna programu inayoiamsha na kuiambia kila kitu kimewekwa wapi. Hiyo yenu ni toleo la zamani. Diski yenu ni kubwa, lakini toleo hili halina uwezo wa kuiona yote kwa mara moja. Linaona kipande tu, na kipande chenyewe kimejaa. Toleo jipya ninalo hapa. Njia ni mbili. Naweza kuliweka juu ya la zamani, vitu vyenu vikabaki palepale vilipo. Au nifute kila kitu, niigawe diski upya, nianze na toleo jipya peke yake.

Binti yangu akasema aliweke juu ya la zamani.

"Dada, nikiliweka juu, itaamka na toleo jipya lakini mipaka ya diski ni ile ile," fundi akasema. "Itajaa tena. Na uchafu wote wa zamani utakuwa umeurithi."

"Lakini vitu vitakuwepo."

"Vitakuwepo, ndiyo. Pamoja na matatizo yake."

Mkubwa wa ofisi aliwasikiliza wote wawili huku akizungusha kalamu. Mimi nilikuwa nimesimama na sinia. Haikuwa kazi yangu kusema, lakini nilisema. Nilimuuliza fundi, ukifuta, waliomo humo wanakwenda wapi. Hakunidharau. Alinijibu kama mtu anavyomjibu mama yake.

"Hawaendi mbali, mama. Nyumba ikivuja si mnaezua? Mnatoa vyombo nje, mnaweka makuti mapya, mnavirudisha ndani. Basi nasi tutawatoa tuwaweke kwenye disketi, hivi visahani vyembamba, tukimaliza tunawarudisha."

Nilielewa. Nimeezua nyumba mara nyingi. Nikarudi jikoni na sinia yangu.

Mkubwa wa ofisi akaamua ifutwe. Alisema watu wengi bado hawajaandikishwa, na hawezi kuwafukuza kwa sababu mashine imejaa. Hakukosea kwa hilo, nami hata leo sijaweza kumchukia. Fundi akamwambia binti yangu anakili kila kitu, yeye atarudi kesho yake.

Ukitaka kuelewa kilichotokea, lazima nikwambie binti yangu alivyokuwa akiyapanga. Mashine ile haikukubali jina refu. Herufi nane tu, zaidi ya hapo inakata. Jina la mtu na la baba yake hayaenei. Kwa hiyo kila mtu alimwandika kwa jina lake moja tu, na ili watu wasigongane, kila kijiji alikipa chumba chake mle ndani. Mume wangu alikuwa chumba cha kijiji chetu. Binamu yake alikuwa chumba cha kijiji chao. Jina moja, vyumba viwili, kama ilivyokuwa katika maisha.

Disketi nzima zilikuwa chache. Unyevu wa pwani uliziharibu, ukizifungua unaona ukungu kama wa mkate. Kwa hiyo kila disketi aliitia vijiji kadhaa. Lakini kwenye disketi hakujenga vyumba. Hakuna aliyemwambia ajenge, na kazi ilikuwa ya haraka. Aliwamwaga wote ukumbi mmoja. Na mashine zile za wakati ule, ukileta mtu mwenye jina lililokwisha kuwepo, hazikuuliza. Zilimlaza huyu mpya juu ya yule wa kwanza, wa kwanza akawa hayuko. Kisha zinaandika pale chini kwamba zimenakili.

Fundi alipokuja alimuuliza binti yangu kama amenakili yote.

"Yote."

"Una hakika, dada? Nikishafuta hakuna kurudi."

"Nimenakili yote. Imeniambia yenyewe."

Hata mashine iliuliza. Fundi alitusomea swali lake, kwamba kila kilichomo kitapotea, uendelee au usiendelee, kisha akabonyeza herufi moja. Ikanguruma kwa muda mrefu. Nikawapa chai na mahamri. Walikula wakizungumza habari za feri, jinsi magari yalivyopanga foleni Mnarani.

Ilipoamka, kweli ilikuwa nyingine. Nyepesi, haikwami, diski yote wazi. Mkubwa wa ofisi alimshika fundi mkono kwa mikono miwili. Fundi akaondoka awahi gari la Mombasa, na binti yangu akaanza kuwarudisha watu vyumbani mwao.

Mimi nilikuwa naosha vikombe nyuma. Aliniita kwa sauti ya kawaida kabisa, ndiyo maana nilikwenda bila wasiwasi.

"Mama, njoo usome hapa."

Nikaweka kidole hewani, nikafuata maandishi, nayo yalisema: Mimi ni mtoto wa kwanza wa baba yangu. Shamba langu lina kisima nilichochimba mwenyewe. Nikasimama hapo. Mume wangu hakuchimba kisima maisha yake yote.

"Huyu si baba yako," nikamwambia. "Huyu ni baba yako mdogo."

"Nimefungua kwa jina la baba."

"Basi fungua tena."

Akafungua tena. Kisima kikatokea tena. Akatoa disketi, akaingiza nyingine, akarudi kwenye ile ya kwanza, na kila mara alikuwa ni yule binamu, na kisima chake, na huko chini maneno ambayo sikuwa nimeyajua: kwamba hata shamba la ndugu yake ni jasho la babu yao mmoja, wala lisitoke nje ya ukoo. Binti yangu alikaa na mikono juu ya vibonyezo bila kugonga. Alikuwa ameelewa kabla yangu.

Fundi alipigiwa simu. Mkubwa wa ofisi alimsikiliza muda mrefu, akishika simu kwa bega, kisha akatuambia kwa upole kwamba diski imegawanywa upya na kuandikwa juu yake, hakuna la kufanya. Fundi alisema pia kwamba kama toleo jipya lingewekwa juu ya la zamani, maneno yale yangekuwepo. Sijui kwa nini mkubwa wa ofisi aliona afadhali atuambie na hilo. Labda alidhani ukweli wote ni heshima.

Mume wangu hakuwa peke yake. Kwetu majina ni yale yale, yanazunguka tu, na waliolaliwa na wenzao walikuwa wengine pia. Lakini hao waliitwa. Walikuja na bakora zao wakilalamika kwamba wanasumbuliwa, wakakaa kitini, wakarudia maneno yao tangu mwanzo, wakaongeza na mengine waliyokuwa wamesahau. Mzee mmoja alitania kwamba safari ya kwanza alidanganya kidogo, sasa amepata nafasi ya kusema kweli. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nawagawia chai. Walikuwa hai, ndiyo tofauti.

Nilimwambia mkubwa wa ofisi kwamba maneno ya mume wangu ninayo kichwani, kila neno, kila jirani kwa jina lake. Binti yangu pia anayo. Akasema anatuamini, na nadhani alituamini. Lakini hawezi kuyaandika kama ya marehemu.

"Nitayaandika, mama, ila yatakuwa maelezo yako."

Yakaandikwa kuwa yangu.

Wapimaji walikaa katika darasa la shule, ofisa wa ardhi mbele na wazee wa kamati kwenye madawati ya watoto, magoti yao yamewafika kifuani. Zamu yetu ilipofika, yalisomwa maelezo yangu, kisha yakasomwa ya binamu wa mume wangu. Ofisa akaniuliza marehemu mwenyewe alisema nini. Nikamwambia. Akauliza yameandikwa wapi.

Binti yangu akasimama. Alisema baba yake aliyasema mbele yake, yeye mwenyewe aliyaandika, na yalifutika mashine ilipowekewa programu mpya. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama alivyofundishwa shule. Ofisa alimsikiliza hadi mwisho. Nyuma yetu mtu akasema, si kwa sauti kubwa, kwamba hii sasa ni mpya, zamani mashamba yaliliwa na nguruwe mwitu, leo yanaliwa na kompyuta. Darasa zima likaangua kicheko, na wazee wa kamati nao. Binti yangu akakaa.

Binamu hakusema uongo wowote siku ile. Alisema babu yao ni mmoja, shamba limetoka kwake, marehemu hakuacha mtoto wa kiume. Wazee wakatazamana, wakaona ni sawa.

Orodha ilibandikwa kwenye ukuta wa shule. Jirani yangu mmoja, mwanamke aliyekuwa na haraka ya mambo mema, alisoma neno la kwanza tu akanijia mbio shambani akipiga vigelegele, kwamba shamba limetoka kwa jina la mume wangu, Mungu ni mkubwa. Ikabidi nimweleze mimi mwenyewe kwamba huyo ni binamu yake. Vigelegele vilimkatikia mdomoni. Akakaa nami chini tukamenya mihogo.

Baada ya hapo binamu alikuja. Alikuja mchana, na kuku mkononi, kama mtu mwenye haki ya kuja. Akakaa, akanywa maji, akaulizia afya yangu. Kisha akasema shemeji, huna haja ya kuhama. Mila ipo. Nikikurithi, utaishi hapa kama ulivyoishi, minazi yako, mikorosho yako, hakuna atakayekugusa. Akaona aweke utani kidogo, maana shemeji hutaniana.

"Na jina ni lile lile. Hata ukiniita hutakosea."

"Sikuolewa na jina, shemeji," nikamwambia.

Alicheka, akitazama chini. Alipomaliza kucheka akanyanyuka, akaipanga kofia yake vizuri, akasema basi nikitaka kuangusha hata nazi moja nitume mtu kwake kwanza akaombe. Yule kuku akamwacha pale.

Nilikaa msimu mmoja hivyo. Niliokota kwa ruhusa korosho za mti nilioupanda mwenyewe. Kisha binti yangu akaja kunichukua. Alikuwa amekwisha kuacha kazi Kilifi, hakufukuzwa, aliacha. Alipata kazi ya kuuza dukani Mtwapa, na walipomuuliza kama anajua kupiga chapa alisema hajui.

Tumeishi hapa tangu hapo. Ndoa alipata ikavunjika, watoto wake wananiita hawe, yaani bibi, kama nyumbani, ingawa nyumbani hawapajui. Habari ya mashine hatukuizungumza. Mara moja tu, siku tulipokuwa tunachambua mchele mlangoni, bila kuulizwa, macho kwenye ungo, akasema:

"Nilianza na kijiji chetu, mama."

Nikamuuliza anasema nini.

"Siku ile ya kunakili. Nilianza na kijiji chetu. Nilitaka baba atangulie, awe salama kwanza. Kijiji chao kilikuja nyuma kikamlalia. Ningemwacha baba mwisho, angekuwepo yeye."

Mikono yake haikusimama. Iliendelea kutoa mawe, ikiyatupa uani. Mchele ulipokwisha alinyanyuka akaenda kuuosha, nami nikabaki na ungo mtupu mapajani.